Miguu Ishirini na Minane

Kuna kazi ambazo humkataa mtu kabla hajazianza. Huitazama tu, na moyo ukasema: hii si yangu. Kwa sisi tunaopenda kuunda vyombo vya sauti kwa mikono yetu wenyewe, kazi ya namna hiyo ni kulehemu zile chipu ndogo ambazo miguu yake haipiti katika tundu lolote, bali hulala juu ya shaba ya bodi kama miguu ya buibui aliyetua ukutani.

Chipu za zamani zilikuwa na adabu. Mguu na mguu viliachana kwa milimita 2.54, miguu ikatumbukizwa katika matundu, nawe ukalehemu upande wa pili kwa raha zako. Sasa ichukue PCM2704 ya Texas Instruments, ambayo wengi wameitumia kuundia kigeuzi chao cha kwanza. Hupokea muziki kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ikaugeuza kutoka tarakimu na kuwa umeme wa kulisha vipaza sauti vya masikioni. Ina miguu 28, kumi na minne kila upande, na kutoka katikati ya mguu mmoja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 0.65 tu. Mwili wake wote una urefu wa kama sentimita moja.

Na ndani ya sentimita hiyo hufanyika jambo ambalo halijaacha kunistaajabisha. Muziki uliohifadhiwa kwenye CD ni namba tupu: namba 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa stereo, na kila namba ni ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Chipu huzisoma namba hizo moja baada ya nyingine, ikapandisha volti na kuishusha kuzifuata, mpaka udi ukalia na fidla ikaitika.

Nina jirani, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyejifunza ufundi wa redio tangu enzi za valvu. Kutoka valvu alihamia transista, na kutoka transista akahamia chipu za miguu mirefu. Zilipokuja hizi ndogo, alifunga kibanda chake. Siku nilipomwonyesha PCM2704 kiganjani, aliitazama kitambo, kisha akanirudishia.

“Mwanangu,” alisema, “kazi hii imeshatuacha.”

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu nilijua kwamba tayari alikuwa na mtu wa kuvinunua vifaa vyake. Nikamwambia, “Mzee, nipe asubuhi moja tu.” Alikubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Nilimvalisha lenzi ya kichwani, ile inayokuza mara tatu, tukafungua dirisha, maana moshi wa flaksi haufai kifuani. Nilimweleza utaratibu kama nilivyouzoea. Kwanza paka flaksi kwenye shaba. Weka chipu, alama yake ya nukta ikielekea mguu wa kwanza. Gusisha lehemu kwenye mguu mmoja wa pembeni tu, kisha utazame kwa lenzi kama miguu yote imelala mahali pake. Ikiwa imekwenda upande, ni mguu mmoja tu wa kuyeyusha upya. Ikinyooka, shika pembe inayokabiliana nayo. Hapo chipu haiendi popote, nawe huna haraka tena.

Kisha huja sehemu inayoonekana kuwa ya kichaa. Huwezi kulehemu kila mguu peke yake, basi hulehemu yote kwa pamoja. Pakaa flaksi kwa ukarimu, chukua tone dogo la lehemu kwenye ncha ya chuma cha moto, ulivute taratibu juu ya miguu kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Lehemu iliyoyeyuka hupenda madini safi, haipendi ile rangi ya kijani iliyopakwa kati ya shaba na shaba. Flaksi husafisha kutu, na mvutano wa uso wa lehemu huivuta kila tone kwenye mguu wake. Mkono wa binadamu hauhitaji kulenga nusu milimita. Maumbile ndiyo yanayolenga.

Mzee alivuta mara moja. Miguu miwili ya mwisho ikashikana. Akaguna. Nilimpa utambi wa shaba, akauweka juu yake na kuukandamiza kwa chuma cha moto, ukanywa lehemu iliyozidi, na miguu ikaachana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Kumbe ni moto ule ule.”

Naam, ni moto ule ule. Lehemu yetu ya bati na risasi, 63 kwa 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi iwe juu ya valvu au juu ya chipu. Mikono yake ilijua tangu zamani ni sekunde ngapi shaba huhitaji kupata joto, na lini lehemu imekubali. Jambo alilopungukiwa lilikuwa lenzi, na mtu wa kumwambia kwamba asilenge.

Tulisafisha bodi kwa spiriti, tukapima kwa mita kati ya mguu na mguu, na kati ya njia ya umeme na ya ardhi, kabla ya kuunganisha waya. Iliimba.

Sisemi kwamba kila kitu kinawezekana. Zipo chipu ambazo miunganiko yake imefichwa chini ya tumbo, na hizo chuma cha kulehemu hakizifikii. Wala sisemi mzee alifungua tena kibanda chake. Vifaa vingi aliviuza kama alivyopanga. Ila chuma cha kulehemu alikibakiza, akaniomba na ile lenzi. Tangu siku hiyo nimekuwa mzito wa kumwambia mtu mzima kwamba zama zake zimepita. Kabla ya kusema hivyo, ni vema kwanza kuuliza kama kilichobadilika ni kazi yenyewe, au ni kipimo chake tu.