Mgeni Asiyeponya

Neno virusi lilipoingia Kiswahili, wasemaji walilichukulia kuwa wingi, wakaliundia umoja: kirusi. Ngeli ya KI-VI ilimpokea mgeni huyo bila kumkagua. Tarakilishi nazo humpokea vivyo hivyo.

Mnamo 1986, ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliunda Brain, kirusi kilichosambaa kwa diski zilizopokezanwa mikononi. Mnamo 2000, kingine kilitoka Ufilipino kikijifanya barua ya mapenzi. Kwa kuwa kilitumwa kwa anwani za marafiki, wengi walikifungua. Mei 2017, WannaCry kilifunga faili na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa programu ya kuziba ufa huo tangu Machi.

Mwanafunzi wa Masimba, Kisii, aliyerekodi ngano za wazee wa Abagusii, huenda akachomeka flashi yake katika tarakilishi ya umma ili achapishe tasnifu. Tasnifu huandikwa upya; sauti ya mzee aliyekwisha kuzikwa hairekodiwi tena.

Kwa hivyo, kinga ni sehemu ya utafiti wenyewe. Nakala ziwe zaidi ya moja, mojawapo ikae mbali na tarakilishi. Mfumo na programu ya kukinga virusi zisasishwe. Flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Kiambatisho kisichotarajiwa kiulizwe kwanza, hata kikitoka kwa rafiki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hajaponya mwenyeji yeyote.