Malalo ya Vifaranga

Katika nyumba nyingi kuku ndio ada ya watoto na sadaka ya kanisa. Basi malalo yao si jambo dogo. Malalo mabichi hukuza ugonjwa wa kuhara damu, na hewa kali ya mavi huwachoma macho.

Sisi twachagua maranda makavu ya seremala, au makapi ya mpunga, kimo cha inchi 2 au 3. Unga wa mbao haufai siku za kwanza, maana vifaranga huudonoa kama chakula. Karatasi laini nayo huwatelezesha, miguu ikapotoka.

Kila asubuhi tufumbate konzi moja: yakishikamana, yamelowa, tuyatoe. Wadogo tuliokabidhiwa na Mungu, tuwalaze pakavu.