Th ya Mama

Jina la mama yangu linaanza kwa th, ile ya thamani na thumni. Ni jina la Kiarabu la zile nyota ambazo sisi tunaziita kilimia. Kwa miaka mingi nililitamka kwa s wala sikuona kasoro. Aliyenizindua ni mtoto wa mfalme ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mama ni Mpemba. Mimi nimekulia Mwanza, baba alikohamishiwa kikazi. Siku moja darasa la pili nilisimama kuhesabu kwa sauti, nilipofika thelathini darasa zima likaangua kicheko. Eti nina kithembe. Kichekesho ni kwamba mle ndani mimi peke yangu ndiye niliyeweza kulitamka neno kithembe sawasawa. Mwalimu mwenyewe alisema selasini. Muhula ulipokwisha ulimi wangu ulikuwa umeshahama: zahabu, Ramazani, na thamani ya samani ikawa samani ya samani. Jina la mama nalo likafuata mkumbo. Kwenye fomu niliandika th; mdomoni ilitoka s.

Tolkien nilikutana naye chuoni, katika nakala ya The Lord of the Rings iliyokwisha kupoteza jalada. Majina niliyasoma Kizungu: Celeborn nikamwita Seleborn, nikajiona msomi. Kumbe mwishoni mwa juzuu ya tatu, iliyotoka 1955, kuna nyongeza yenye herufi E inayoeleza namna ya kutamka kila kitu. Mzee yule alikuwa profesa wa lugha Oxford, na kwake lugha zilitangulia, hadithi zikaja baadaye ili lugha zipate pa kuishi. Kiquenya alikijenga akiwa amependezwa na Kifini, Kisindarin akikifuatisha sauti za Kiwelisi.

Nyongeza hiyo inamhangaikia sana msomaji wa Kiingereza. Inambidi afundishwe kwamba c ni k popote ilipo, kwa hiyo ni Keleborn. Kwamba r hutetemeshwa. Kwamba e ya mwisho haimezwi. Zile nukta mbili juu ya ë ya Fëanor hazibadilishi sauti, ni onyo tu kwake: soma Fe-a-nor, silabi tatu. Mimi nilisoma nikicheka peke yangu. Irabu tano ni zetu zilezile! Dh ya mlima Caradhras ni dh ya dhahabu. Gh ya ghâsh, neno la maorki la moto, ni gh ya ghali. Mitego ipo, lakini si mingi: ch ya Waelfi si ya chai, ni kh ya Khamis. Na kh ya vibeti wa migodini si ya Khamis hata kidogo, ni k yenye pumzi nyuma yake, mfano wa ile pumzi inayowawezesha watu wa Mombasa kutofautisha paa wa porini na paa la nyumba.

Kilichonishinda ni mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi nikasema Bo-RO-mir. Sivyo. Silabi hiyo ikiwa nyepesi, yaani irabu fupi inayofuatwa na konsonanti moja, mkazo hurudi nyuma: BO-ro-mir, DE-ne-thor. Ikiwa nzito, hukaa hapohapo, ndiyo maana ni I-SIL-dur. Nilitembea nikiyakariri kama mwanafunzi wa madrasa.

Nikawa kero. Bwenini tulikuwa wanne tuliokipenda kitabu kile, na hakuna aliyemaliza sentensi bila kusahihishwa na mimi.

Kisha nikapata The Peoples of Middle-earth, kitabu cha 1996 kilichokusanya maandishi aliyoyaacha Tolkien. Humo mna kisa cha th. Zamani Waelfi wa ukoo wa Noldor walikuwa na sauti hiyo, halafu ndimi zao zikaanza kuigeuza s. Míriel, mama yake Fëanor, hakukubali. Lakabu yake, aliyopewa kwa ufundi wa kushona na kutarizi, ilikuwa Therindë, na alitaka angalau jina lake lisiguswe. (Hapo hawafanani: mama yangu hata kifungo humpelekea fundi.) Akafa, mumewe, aliyekuwa mfalme, akaoa mwingine, na mke mpya akatumia s kama watu wengine. Fëanor aliichukulia kila s kuwa tusi kwa mama yake. Katika maandishi yao th ilikuwa na herufi yake, ya 9 katika jedwali, nayo iliendelea kuandikwa hata walipokuwa wanaisoma s. Herufi ilibaki, ulimi ukahama.

Nilikuwa nikiwasimulia wenzangu kisa hiki kwa mbwembwe, huku nikitaja kwamba hata kilimia Waelfi huiita Remmirath, na th yake mwishoni. Kitandani palikuwa na kifurushi cha dagaa alichonitumia mama kwa basi. Mwenzetu wa Tanga akasoma jina la mtumaji, kwa th, taratibu.

"Ndiye huyu unayemwita kwa s?" akauliza. "Na sisi hutuachi tulale kwa ajili ya Keleborn?"

Sikuwa na jibu.

Ulimi ulichukua miezi kurudi. Mtoto hamwiti mama yake kwa jina, kwa hiyo nafasi ya kulisema haikuja mapema. Ilikuja likizo, nilipompeleka kliniki. Dirishani nikaulizwa jina la mgonjwa, nikalitaja kwa th, na ncha ya ulimi nikaiweka pale pale inapotakiwa. Mama akanigeukia, akatengeneza mtandio, kimya. Tulipokaa kwenye benchi ndipo akasema:

"Hiyo th umeipata wapi?"

"Kwenye hadithi ya Wazungu, Mama. Ndefu."

"Ya Wazungu? Mbona ni yangu!"

Baada ya kitambo jina likaitwa kutoka ndani, kwa s. Mama hakuinuka. Nikainuka mimi, nikaenda dirishani.