Mama wa Kwenye Kadi

Katika kadi zangu za posta za zamani, moja niliinunua kwa muuza vitabu vikuukuu hapa Tunduma. Stempu yake ina picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari wa Ujerumani, na thamani imeandikwa kwa heller. Basi haikutumwa kabla ya 1904. Padri mmoja alinisomea ya nyuma: mwandishi analalamikia mvua, kisha anamuulizia mbwa wake, tena kwa jina.

Upande wa picha yupo mama anayetwanga, mtoto mgongoni. Chini pameandikwa kwa Kijerumani: mwanamke akitwanga.

Nilimpelekea bibi, nikiisifia ile stempu. Hakuitazama.

"Mjukuu wangu, huyu ameshika mchi kama mtu aliyekatazwa kupumzika. Anaitwa nani?"

Nikaigeuza kadi tena, ingawa ya nyuma nilikwisha kuyajua yote.