SENTI YENYE TUNDU

Wahenga walinena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii yamfaa sana yeyote anayeanza kununua sarafu za kale kwa njia ya intaneti, kama mimi.

Hapa Migori wenzangu hunicheka. Ati pesa isiyonunua hata mandazi ni ya kazi gani? Mimi huwajibu kuwa sarafu ni historia unayoweza kuishika mkononi. Mwaka wa 1921 ilikuja shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka wa 1966, ndipo tukapata sarafu zetu wenyewe.

Likizo ya Agosti nilikuwa na shilingi 600 nilizopata kwa kuuza njugu. Kwenye simu ya mama nikaona mtu wa Homa Bay akitangaza senti kumi yenye tundu, ya mwaka wa 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Bei yake? Shilingi 600 hizo hizo! Alidai iko moja tu duniani, nitume pesa upesi kabla haijachukuliwa.

Moyo ulinidunda, lakini sikutuma. Nilisoma kwanza. Kumbe mfalme huyo aliacha ufalme Desemba 1936 kabla hajavikwa taji! Ndiyo maana watu huitafuta. Lakini senti hizo zilitengenezwa kwa mamilioni. Nyingine zina herufi H au KN, alama za viwanda vya Birmingham, Uingereza. Moja tu duniani? Ng'o!

Nikamwomba picha ya pande zote mbili. Nikamwambia pia kuwa shangazi yangu aliye Homa Bay ataikagua stendi na kulipa papo hapo. Simu yake ikazimwa hadi leo.

Shangazi hakurudi mikono mitupu. Sokoni alimpata nyanya mmoja muuza omena, aliyekuwa na senti mbili za mwaka wa 1942, amezitunga kwenye uzi pamoja na ufunguo wa sanduku lake. Alimwuzia zote mbili kwa shilingi 100.

Ndugu msomaji, ukitaka kuanza, uliza bei kwa watu kadhaa, usilipie usichokiona, na usiisugue sarafu ili ing'are, maana utaipunguzia thamani. Anayekuharakisha anataka pesa yako tu.