Reli ya Bustanini na Milima ya Mbinga

Kila msimu wa kahawa tunapeleka nguo za harusi Mbinga, kisha tunashuka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Watoto wa wateja wetu hutuuliza: treni ikoje? Mkoa wa Ruvuma hauna reli, ingawa ipo inayopangwa kutoka Mtwara hadi hapo hapo Mbamba Bay.

Huwa tunawasimulia treni ya kwetu Unguja, iliyoanza 1905 kwenda Bububu. Lakini simulizi haishikiki mkononi. Ndiyo maana tunazionea wivu klabu za Uingereza zinazojenga reli ndogo bustanini, na siku maalumu kuwafungulia watu mageti waje kutazama.

Nyingi zina milimita 45 kati ya chuma na chuma. Chukueni tepu ya cherehani: sentimita 4 na nusu, pindo la gauni tu! Zidisheni mara 22 na nusu, mtapata takriban mita moja, upana wa reli ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma.

Injini ndogo ikipandishwa mlima mkali, magurudumu huteleza. Mjenzi hana budi kuizungusha njia. Sasa fikirieni milima ya Wamatengo, wanakolima kwa mashimo ya ngoro ili mvua isichukue udongo.

Baba mmoja mkulima wa kahawa alituahidi kumalizia deni la gauni la bintiye "treni ikifika". Tulicheka naye sana, kisha tukamwandikia tarehe ya mwisho wa mwezi.