Askari wa Kifaru Hana Mabawa

Wacha niseme hili mapema ndio tuelewane: kifaru wa Kenya hayuko hai leo kwa sababu sisi tunampenda. Yuko hai kwa sababu kuna mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa buti, akaanza kutembea. Na kesho ataamka tena. Hiyo ndiyo sehemu tunayoiruka kila tukipost picha ya kifaru na kuandika "linda wanyama wetu."

Hili nimeliona kwa macho yangu Sera, kaunti ya Samburu. Ukishapita Archer's Post kwenye barabara ya Marsabit, unaacha lami na kuingia kwenye vumbi na miti ya miiba. Sera ni ardhi ya jamii. Wasamburu, Warendille na Waborana hunywesha mifugo huko, kwenye visima vinavyoitwa Kisima Hamsini. Ujangili ulikuwa umemaliza vifaru wa eneo hilo, na kwa karibu miaka 25 watoto walikua wakimsikia kifaru kwenye hadithi za wazee tu. Mwaka 2015 wakaletwa kumi, vifaru weusi, kutoka Lewa, Nakuru na Nairobi, wakawekwa ndani ya fensi ya stima. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika Mashariki kwa hifadhi inayosimamiwa na jamii kupewa vifaru weusi. Miaka miwili baadaye wageni wakaanza kuruhusiwa kuwafuata kwa miguu.

Kwa miguu, si kwa gari. Tofauti yake ni kubwa kuliko nilivyodhani. Kwenye gari wewe ni bosi. Kwa miguu wewe ni nyama iliyovaa viatu. Mzee aliyetuongoza alikuwa na soksi yenye jivu mkononi. Kila baada ya hatua kadhaa aliitikisa na kuangalia jivu linaelekea wapi, kwa sababu kifaru haoni vizuri lakini pua na masikio yake hayana mchezo. Jivu likielekea alipo mnyama, mnazunguka upya, hata kama jua limeshawaka na maji yameisha.

"Kijana wangu," aliniambia, "nikisema simama, usiulize. Kuuliza tutauliza baadaye."

Nikasema sawa, mzee.

Alitufundisha kusoma ardhi. Unaona unyayo wa vidole vitatu. Unaona kinyesi chenye vipande vya vijiti vilivyokatwa kishazari, kama vimekatwa kwa mkasi: huyo ni kifaru mweusi, anayekula matawi. Mweupe hula nyasi. Baada ya mwendo mrefu tukawaona, mama na mtoto wake, kwenye kivuli cha mti. Kabla sijatoa simu, ndege wakaruka kutoka mgongoni mwa mama wakipiga kelele. Akainua kichwa na kutugeukia. Mzee akanyoosha kiganja chini: simama. Tukasimama. Sijawahi kusikia moyo wangu ukidunda vile.

Ndege hao Kiswahili kinawaita askari wa kifaru, na jina hilo si la kubahatisha. Watafiti waliofuatilia vifaru weusi Afrika Kusini walitangaza matokeo yao mwaka 2020: kifaru asiye na ndege hao alimgundua mtu anayemkaribia akiwa mita 27 hivi, tena mara chache. Mwenye ndege alimgundua akiwa mita 61. Wazee wetu walishalijua hilo wakaliweka kwenye jina.

Lakini ndege hawezi kumzuia mtu mwenye bunduki. Kufikia mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Yaani tulimaliza karibu wote ndani ya miaka ishirini, kwa ajili ya pembe ambayo imetengenezwa na kitu kilekile kilichotengeneza kucha zako. Leo vifaru weusi wamepita 1,000. Hawakurudi kwa bahati. Vifaru wengi wamekatwa alama masikioni ili kila mmoja ajulikane, na kuna watu ambao kazi yao ni kumtafuta, kumwona, kuandika alikuwa wapi na hali yake ikoje. Sisi wageni tulitembea asubuhi moja tukarudi kambini kunywa chai. Wao walibaki porini.

Sasa niulize swali ambalo watu hawalipendi: hawa watu wanategemea nini?

Sehemu kubwa ya pesa za hifadhi za jamii hutoka kwa wageni na wafadhili. Mwaka 2020 korona ikafunga anga, wageni wakapotea, hifadhi nyingi zikaishiwa. Na mwaka huohuo hakuna kifaru hata mmoja aliyeuawa na majangili hapa Kenya. Watu husifu takwimu hiyo, na mimi naisifu. Lakini ina maana kwamba hoteli zilipokuwa tupu, askari waliendelea kutembea. Hatuwezi kujenga ulinzi wa kudumu juu ya moyo mzuri wa mtu ambaye hajui kama mshahara wa mwezi ujao utakuja.

Halafu kuna ardhi. Fensi ikijengwa, kuna mfugaji ambaye malisho yake yamebaki ndani. Kiangazi kikija, yeye ndiye anayelipa gharama ya kifaru, si mimi wa Nairobi. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa inavyofaa. Sera haikuwa mojawapo, lakini funzo ni la wote. Mwananchi akiona kifaru kama kisingizio cha kuchukuliwa ardhi, hatampigia askari simu akiona wageni wasioeleweka wakizunguka usiku. Na bila simu hiyo, hata bunduki mia hazitoshi.

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia uhifadhi ukielezwa kama mambo ya Wazungu na dola. Ndiyo, bei ya kutembea na vifaru iko juu, na wengi wetu hatutaiweza. Lakini kuna vifaru Nairobi National Park, karibu na stima za mji, na kuna vifaru Nakuru, na Mkenya hulipa bei ya Mkenya. Nendeni na watoto. Mtoto hawezi kutetea mnyama ambaye amemwona kwenye noti na kwenye simu peke yake.

Na kwa wenzangu tunaotengeneza maudhui: ukipiga picha ya kifaru, zima lokesheni kabla hujaiposti. Usitaje mto, kilima wala geti. Jangili naye ana simu. Na ukichangia pesa mahali, uliza swali moja tu: ni ngapi inafika kwa anayetembea? Uliza kuhusu buti zake, bima yake, mshahara wake, na familia yake akiumia kazini. Wakikujibu kwa video nzuri badala ya jibu, peleka pesa yako kwingine.

Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta Machi 2018. Dunia nzima ililia, na sisi tukabadilisha picha za profaili. Wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu, na kuna watu wanaowalinda usiku na mchana. Walinzi hao hawahitaji machozi yetu. Wanahitaji mshahara uingie tarehe inayofaa.